Kipimo cha Kumbukumbu Kimempitisha, Ubongo Unaisha

"Mbona anakumbuka kila kitu? Hiyo si dimenshia." Sentensi hii imenichosha, maana ipo dimenshia, yaani kuzorota kwa ubongo, isiyoanza na kusahau. Ingekuwa ya majirani tu ningenyamaza, lakini hutamkwa hata na madaktari, huku faili likifungwa.

Tazama kinachotokea kliniki. Mgonjwa wa miaka 54 anaulizwa tarehe, anarudia maneno matatu, anahesabu kurudi nyuma kutoka 100 akitoa saba saba. Anapata 28 kati ya 30. Hongera! Akitoka nje anachota chakula kwenye sahani ya mtu asiyemjua, wala hashtuki mkewe akilia. Dimenshia ya frontotemporali huanza kuharibu sehemu za mbele na za ubavuni mwa ubongo, kwenye breki za tabia, huruma na lugha. Kumbukumbu unaweza kuikuta karibu nzima.

Na si jambo geni. Daktari Arnold Pick alimweleza mgonjwa wa namna hii, aliyepoteza lugha, huko Prague mwaka 1892. Alzheimer mwenyewe, daktari aliyeupa jina ule ugonjwa wa kusahau, aliona vivimbe ndani ya seli za wagonjwa hawa mwaka 1911. Bado tunapima kusahau.

Vigezo vya 2011 vya kuitambua dimenshia hii kwa tabia vinataja mambo sita: kutojizuia, kutojali, kukauka huruma, kurudiarudia vitendo, ulaji kubadilika (hasa uroho wa vitu vitamu), na kushindwa kupanga mambo ilhali kumbukumbu ingalipo. Matatu yakiwepo na hali inazidi kuharibika, shuku. Shughuli za kila siku zikimshinda, na MRI (picha ya ubongo) ikaonyesha kusinyaa mbele au ubavuni, shaka inapungua sana. Lakini msikilize mke au mume peke yake, kwani mgonjwa mwenyewe ataapa kuwa mzima. Aje na daftari: kipi kilianza, lini, pesa zimekwenda wapi.

Haya, nakubali: kutojali kunafanana na sonona, na daktari anayeanzia huko si mjinga. Ila mwenye sonona kwa kawaida huumia na hali yake. Huyu hana habari. Kipimo cha damu cha neurofilamenti, protini ya seli za neva, kinaanza kusaidia kutenganisha hali hizi mbili, maana protini hiyo hupanda seli hizo zikifa.

Dawa ya kuusimamisha ugonjwa haipo. Kikwazo ni kwamba chini ya dalili zilezile kuna protini tofauti zinazorundikana ubongoni, mara nyingi tau au TDP-43 (iliyotambuliwa 2006), na dawa ya kuondoa tau haimfai mwenye TDP-43. Hakuna picha ya kuaminika ya kuiona TDP-43 kwa mtu aliye hai. Wenye jeni zilizoharibika, MAPT, GRN au C9orf72, angalau protini yao hutabirika, ndiyo maana majaribio mengi yanaanzia kwao.

Kwa sasa, kama mgonjwa amepewa donepezili "kwa sababu ni dimenshia", rudini mkaulize. Hiyo ni ya Alzheimer. Hapa haisaidii, na wengine huwazidishia fujo.