Mlango Ushike kwa Mikono Miwili

Jamani, mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu upepo una adabu. Unatoka baharini, unapita kwenye minazi, ukifika barazani umeshachoka, kazi yake ni kukupepea tu huku unakunywa kahawa. Sasa nani alinituma Aisilandi?

Alinituma shemeji. Huyu ni kaka wa mke wangu, tunaishi naye mji mmoja hapa Denmark, na ana ugonjwa wake: akiona tangazo la nauli nafuu anadhani ni amri ya serikali. "Shemeji, saa tatu tu kwa ndege! Mwezi wa sita! Kiangazi!" Kiangazi. Mimi mjinga nikafungasha mashati ya mikono mifupi na kandambili.

Tumeshuka uwanja wa ndege wa Keflavík, tukaenda kuchukua gari la kukodi. Kijana wa pale alinieleza habari za gari dakika mbili, habari za mlango dakika kumi. Bima ya kokoto anayo. Bima ya mchanga na majivu anayo. Upepo ukikupokonya mlango ukaukunja, hiyo hana, unalipa mwenyewe. Akanionyesha picha ya gari ambalo mlango wake umegeukia mbele kama sikio la tembo aliyekasirika. "Egesha pua ya gari ikitazama upepo," akasema, "na mlango ushike kwa mikono miwili."

Tangu hapo wenzangu walikwenda kutalii. Mimi nilikwenda kulinda mlango.

Utaratibu wangu ulikuwa huu. Tukisimama, hakuna kugusa kitasa. Nafungua wangu kidogo, upana wa kiganja, natanguliza bega, natoka kama mwizi anayetoka dirishani. Nafunga. Nazunguka upande wa mke wangu, naegemeza tumbo kwenye mlango wake, nampa ishara. "Mama Aisha, sasa! Polepole! Mguu kwanza!" Halafu shemeji. Halafu Aisha, ambaye ana miaka tisa na anacheka muda wote. Mpaka wa nne ashuke, wa kwanza ameshaganda.

Kule upepo wanaupima kwa mita kwa sekunde. Siku ya kwanza shemeji akasoma kwenye simu, "Mita 20." Nikafurahi, nikaona 20 si kitu. Baadaye nikapiga hesabu: ni kilomita 72 kwa saa. Huo ni mwendo wa basi la Tanga lililoona trafiki.

Maporomoko ya kwanza yanaitwa Seljalandsfoss. Maji yanaanguka mita 60 hivi, na kuna njia ya kupita nyuma yake. Watu wazima, wenye kazi na familia, wamepanga foleni kwenda kulowa. Nikapita na mimi. Kwa nyuma unaona pazia jeupe la maji na ngurumo inakuingia kifuani, nakubali, pazuri. Lakini upepo uliyabeba yale maji ukanimwagia sikioni, na sikio lile mpaka leo linasikia ngurumo.

Mwendo wa nusu saa hivi, tunasimama tena. Skógafoss. Mita 60 vilevile. Nikauliza kwa heshima, "Shemeji, hii si ileile?" Akaniangalia kama nimetukana. "Ile unapita nyuma. Hii unapanda juu." Pembeni kuna ngazi. Niliacha kuhesabu kwenye ya 211, si kwa sababu zilikwisha.

Baina ya maporomoko hayo mawili unaupita mlima uliolipuka mwaka 2010 ukafunga anga la Ulaya, ndege zikalala chini siku kadhaa. Jina lake ni Eyjafjallajökull. Aisha alilitamka mara moja tu akafaulu. Mimi nilijaribu, ulimi ukanigoma, ila nikaielewa ile bima ya majivu.

Jioni tukafika kijiji cha Vík. Nasema jioni kwa mazoea tu, kwa sababu jua halikuwa na habari hiyo. Lilizama karibu saa sita usiku, na kwenye saa tisa lilisharudi, kama mtu aliyesahau funguo nyumbani. Mimi nangoja Magharibi mpaka macho mekundu. Nikisali, nikijinyoosha, alfajiri hiyo. Kuoga nako, sehemu nyingi za nchi ile maji ya moto yananuka yai viza. Shemeji akasema ni salfa, maji yanatoka ardhini yakiwa yameshachemka, karibu nchi nzima inafaidi. Nikafaidi, nikatoka natoa harufu ya kimanda.

Chakula sisemi sana. Wale watu wanasifika kwa soseji za kondoo, kila kituo cha mafuta zipo. Nikachukua pakiti dukani nikasoma: kondoo, ng'ombe, na yule mwingine. Nikarudisha. Siku tatu nilikula samaki, mkate na mayai, na mayai baada ya kuoga kule yana mtihani wake.

Mama akapiga simu ya video nikiwa ufukwe wa Reynisfjara, mchanga mweusi kama mkaa, kofia imeruka, machozi ya baridi yananitiririka. "Mwanangu, nani kakufanyia hivi?" Nikamwambia tuko matembezini, tumelipia. Akanyamaza kidogo. "Mmelipia?" Akaniomba nimpe simu mke wangu.

Siku ya pili ndipo nilipopata mwenzangu. Pale Skeiðarársandur, uwanda wa mchanga kando ya barabara namba 1, kuna vyuma viwili vikubwa vya daraja vimelala, vimepindika kama waya wa kutundikia nguo. Mwaka 1996 volkano ililipuka chini ya barafu ya Vatnajökull, maji yakajikusanya kimyakimya, Novemba yakafumuka na mapande ya barafu ukubwa wa nyumba, yakaondoka na daraja. Walijenga upya, vyuma hivi wakaviacha viwe ukumbusho. Nikavigusa. Kama daraja la serikali limekunjwa hivi, mlango wa gari dogo la kukodi ni nini? Nikarudi kwenye gari nikaushika kwa nguvu zaidi.

Hiyo Vatnajökull yenyewe ni balaa. Unguja ingeingia ndani yake zaidi ya mara nne. Ulimi wake mmoja unamegukia kwenye ziwa la Jökulsárlón, mapande yanaelea taratibu kwenda baharini, mengine yana rangi ileile ya bluu anayotia mama kwenye maji ya kusuuzia kanzu. Sili mmoja akatoa kichwa, akanitazama mimi nimekumbatia mlango, akazama tena. Mke wangu akaniambia, "Baba Aisha, uache kidogo uje uone." Nikamjibu naona kutoka hapa.

Gari tulilirudisha zima. Kijana akazunguka na tochi, mlango mmoja mmoja, hakupata hata mkwaruzo. Nikataka anipongeze. Akasema, "Asante, kwaheri."

Mwezi wa nane nikaenda Tanga kumsalimia mama. Nimetoka stendi, joto linaniosha mwili, nikasimamisha bajaji. Nikajikuta nimetanguliza bega, mikono yote miwili nimeinyoosha pembeni, naitafuta hewa.

Dereva akanigeukia. "Mzee, unashika nini?"