Semi ya zamani usiiulize umri, iulize imeshapiga risasi ngapi

Saa moja na robo asubuhi, Jumamosi ya kwanza ya msimu wa kulungu, niko juu ya mti kaskazini mwa Wisconsin, Marekani, baridi nyuzi 14 chini ya sifuri, vidole sivisikii, na dume moja linatoka kwenye misonobari taratibu kabisa kama ndo mwenye shamba. Nikapiga. Likaanguka palepale, na namshukuru Mungu, maana risasi ya pili haikuwepo. Nilipoangalia bunduki (ni semi, yaani inajikoki yenyewe kila ukifyatua) nikakuta ganda la risasi ya kwanza bado limeng'ang'ania ndani ya chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa, kile kikucha cha kulivuta kimelimega ukingo, boliti, kile chuma kinachofunga chemba, imerudi nyuma mikono mitupu, ikabeba risasi nyingine kutoka kwenye magazini, kile kisanduku cha risasi, ikaja kuisukumiza kwenye matako ya lile ganda. Pua ya shaba imebonyea kabisa. Nikatoa magazini, nikavuta boliti, ile risasi nzima ikadondoka kwenye theluji, ganda likabaki hukohuko ndani.

Kambini jioni kila mtu ana jibu lake na majibu yote ni moja: tupa hiyo kitu, nunua ya boliti ya mkono, ile unayoikoki mwenyewe kwa mpini.

Mimi sikutupa, na sababu zangu ndo hizi.

Kwanza nijieleze. Mimi ni mtu wa Kitale, na kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977 kabla sijazaliwa, kwa hiyo bunduki ya kuwindia nimeishika hukuhuku ugenini nikiwa mtu mzima na mvi mbili tatu, baada ya kukaa darasani kusomea cheti cha usalama, maana Wisconsin kama umezaliwa kuanzia 1973 hupewi leseni ya kuwinda hivihivi bila hicho cheti. Lakini kabla ya kuja huku nilikuwa fundi wa pikipiki miaka sita, na fundi wa pikipiki akiambiwa chombo ni kibovu swali lake la kwanza ni kibovu wapi. Ukisema tu "mbovu" hujasema kitu.

Bunduki yenyewe ni Remington 742, ya risasi saizi ya .30-06, niliuziwa na mzee jirani aliyestaafu kiwanda cha karatasi. Alikuwa nayo tangu 1974. Wanaoijua washaanza kucheka, maana hii 742 huku ina jina la utani, wanaiita Jamomatiki, yaani mashine ya kujamu. Ilitengenezwa kuanzia 1960 hadi 1980, zikauzwa zaidi ya milioni moja, kwa hiyo ukiingia duka lolote la bunduki za mitumba karibu na msimu utaikuta imeegeshwa ukutani bei chee, na muuzaji akikuona unaiangalia anakuwa mkimya kidogo.

Sasa hilo jina halikutoka hewani, tuseme ukweli. Semi inafanya kazi kwa gesi: ukifyatua, baruti ikiwaka kuna kagesi kidogo kanaponyoka kwenye kitundu cha mtutu, kanasukuma vyuma nyuma, boliti inajizungusha kufungua, inatoa ganda, springi inairudisha mbele na risasi mpya. Yote hayo kufumba na kufumbua. Kichwa cha boliti ya 742 kina meno madogo mengi yaliyopangwa kwa safu, na wakati boliti inaenda mbele na nyuma inateleza juu ya reli mbili zilizochongwa ndani ya bodi ya bunduki yenyewe. Kwa vile mwendo ni wa kasi na kichwa kinatikisika, yale meno yanazigonga reli. Leo kidogo, mwaka kesho kidogo. Baada ya risasi nyingi unakuta reli zimekuwa na makato kama msumeno, boliti inafika kwenye kato inakwama, na hapo habari imeisha, kwa sababu bodi ndo bunduki kisheria, ndo yenye namba, huwezi kwenda kununua nyingine ukabadilisha kama unavyobadilisha cheni na sproketi. Na kiwanda chenyewe kilifilisika 2018 na tena 2020 kikauzwa vipandevipande, kwa hiyo usisubiri mtu akutengenezee bodi mpya.

Kitu kinachonishawishi kwamba kosa ni kasi na wala siyo chuma kibaya ni dada yake, ile 760 ya kukokota kwa mkono, ya tangu 1952. Boliti yake ni ya ukoo uleule, meno ni yaleyale, bodi ukiitazama kwa mbali utasema ni pacha, na wazee huku wanaisifia hadi kesho. Kinachotofautiana ni kwamba ile inakokotwa na mkono wa binadamu na hii inarushwa na gesi. Na kampuni nao wakasoma somo, maana 1981 walipoleta 7400 waliacha meno mengi madogo wakaweka manne makubwa.

Lakini rudi kwenye bunduki yangu. Je, reli ndo zilinikwamisha? Wala.

Jumatatu nikaipeleka kwa fundi bunduki mmoja, karakana yake iko nyuma ya nyumba, mlangoni kuna mbwa mnene asiyebweka. Kwanza alihakikisha haina risasi nzima, magazini nje, kisha akapitisha fimbo ya shaba kwenye mdomo wa mtutu, akagonga mara moja, tak, ganda likaruka likaanguka mezani. Hakuangalia bunduki, aliangalia ganda. Akanipa na kioo cha kukuzia. Ubavuni lilikuwa na madoa na mikwaruzo ya mviringo, kama limetafunwa. Halafu akaniwashia katochi ndani ya chemba, na pale nikaona mwenyewe: duara la kutu ya kahawia, kama ile rangi inayobaki ndani ya kikombe cha chai kisichosuguliwa.

Maelezo yake yaliniingia mara moja. Ganda la shaba linapopigwa linavimba likabana kuta za chemba, kisha linanywea kidogo ndo linatoka. Kuta zikiwa na vishimo vya kutu, shaba inavimba hadi ndani ya vile vishimo na inashikilia. Kwenye bunduki ya boliti ya mkono hutajua, kwa sababu unainua mpini na ule mpini ni wenzo, unalegeza ganda kwa nguvu zako mwenyewe bila hata kufikiri. Semi haina mkono. Ina kale kakucha tu na wakati wake mfupi, ikivuta na ganda halitoki, ukingo unamegeka, ndo yale niliyoyaona juu ya mti.

Na kutu ilitoka wapi? Kwa yule mzee aliyeniuzia, na kwangu pia. Yeye miaka yote aliiweka kwenye mkoba wa ngozi chini ya nyumba, na ngozi inakunywa unyevu halafu inaulalisha na chuma mwaka mzima. Halafu 742 huwezi kuisafisha kutokea nyuma kirahisi, inabidi fimbo iingie mdomoni, kwa hiyo kila alipokuwa anasafisha alikuwa anasukuma masizi na dawa yote kuelekea kwenye chemba na kuyaacha hapohapo. Mtutu unang'aa kama kioo, chemba ni jalala. Mimi nilipoinunua nikachungulia mtutu nikaona unang'aa nikalipa! Fundi wa pikipiki mzima.

Sasa hapa ndo kiini cha maneno yangu. Wakati fundi anaisugua chemba (brashi fupi kwenye drili ya taratibu, pamba ya chuma ile laini kabisa na oili, kama dakika 20) nikaanza kupiga hesabu. Mzee aliniambia boksi la risasi 20 lilikuwa linamtosha miaka minne: tatu nne za kuhakiki skopu (darubini ya kulengea) kila vuli, moja au mbili za kulungu. Weka hata 10 kwa mwaka mara miaka 40, ni risasi 400. Mia nne! Kuna vijana huku wanapiga 400 wikendi mbili wakilenga makopo. Fundi akavuta boliti nyuma akapitisha tochi kwenye reli, akaniita nione: mistari miwili inang'aa pale boliti inapopita, basi, hakuna kato hata moja, ukipitisha ukucha haukwami popote. Bunduki ya nusu karne yenye reli za kigoli. Nyingine ya mwaka 1979 alikuwa nayo pembeni, ya mtu mwingine, changa kuliko yangu, reli zimeliwa hadi vipande vya chuma vimebanduka, na hiyo hata yeye hakuwa na la kuifanyia.

Kwa hiyo mtu akikuambia semi za zamani hazina maana, muulize anaongelea ugonjwa gani. Uchafu na kutu ya juujuu vinatibika. Reli zilizoliwa hazitibiki, na usimsikilize muuzaji anayekuambia "weka oili tu itakaa sawa". Beba tochi dukani, omba ruhusa, toa magazini, hakikisha iko tupu kwa jicho na kwa kidole, kisha vuta boliti uangalie reli na uangalie chemba. Mtutu utauangalia mwisho. Na kama ni Winchester 100, semi nyingine, ile ya 1961 hadi 1973, kabla hujauliza chochote uliza kama pini ya kufyatulia ilishabadilishwa, maana 1990 walitangaza zirudishwe, pini zilikuwa zinaweza kukatika na bunduki ikajipiga kabla boliti haijafunga. Jibu likiwa "sijui", iache ukutani mpaka fundi aione.

Browning BAR ya kuwindia, nayo ni semi, ile ya tangu 1967 iliyotoka Ubelgiji, ni habari nyingine, ile wameijenga nzito na imara zaidi na bei yake inasema hivyo, lakini chemba ikiota kutu nayo inakwama vilevile, jina la John Browning, yule mbunifu mashuhuri wa bunduki, halifukuzi unyevu.

Kuhusu kuitunza, watu wengi wanakosea kwa kupenda oili. Nilikuwa mmoja wao. Niliimwagia oili nzito kama naziba pancha, na kwenye baridi ile ya Novemba oili nzito inakuwa kama asali, boliti inatembea kwa kusitasita. Siku hizi ni matone machache ya oili nyepesi kwenye reli, naipangusa hadi ibaki kama unyevu tu. Sehemu ya gesi nafuta masizi naiacha kavu, oili pale inaungua na kuwa lami. Chemba ina brashi yake, ni fupi na nene kuliko ya mtutu, na nikimaliza napitisha kitambaa kikavu, maana chemba yenye oili nayo ni kosa, ganda halishiki kuta linapopaswa kushika na boliti inabeba mzigo wote. Mtutu navuta kwa kamba yenye brashi, inaingilia nyuma inatokea mdomoni, uchafu unatoka nje badala ya kulala ndani. Na bunduki naigeuza juu chini wakati naisafisha, dawa isichuruzike kwenye mitambo ya kifyatulio.

Magazini nazo zinasingiziwa kidogo. Ile midomo ya juu inayoshika risasi ikipinda hata kidogo tu, risasi inaingia kiupande, na watu wanalaumu bunduki. Ninazo mbili, nimeziandika A na B kwa rangi ya kucha ya mke wangu (hajui, au anajua kanyamazia), na B ilikwama mara mbili mazoezini kwa hiyo haipandi mtini. Risasi natumia za dukani za kawaida, uzito wa kati. Rafiki yangu mmoja anajaza zake nyumbani kwenye maganda yaliyokwishapigwa, akanipa chache, hazikuingia hadi mwisho, kwa sababu maganda alikuwa anayakaza shingo tu kwa ajili ya boliti yake ya mkono. Kwa semi lazima ganda lirudishwe saizi yake lote, tangu shingo hadi matako.

Naelewa upande wa pili, tena naukubali nusu. Kama leo unaanza kuwinda na una hela ya moja tu, chukua ya boliti ya mkono, haina gesi, haina mbwembwe, utaisafisha jikoni huku unasikiliza redio. Na 742 hata ikiwa nzima usiifanye ya kuchezea makopo kila wikendi, kila risasi ni kama kilomita kwenye injini ambayo haina spea. Yangu naihesabia. Tangu itoke kwa fundi imepiga 31, nimeandika kwenye daftari, na zote 31 maganda yametoka.

Mzee nilimwonyesha lile ganda lililomegeka. Akaligeuzageuza, akaomba simu yangu amulike chemba, akakaa kimya muda, kisha akaenda kwake akarudi na ule mkoba wa ngozi, ati nilisahau kuuchukua siku ile nanunua, ni wa bunduki hiyohiyo. Sikuwa na moyo wa kumkatalia. Sasa hivi umelala gereji, ndani yake kuna fimbo zangu za kuvulia samaki.