Nane ya Dalali

Nina Datsun 240Z ya mwaka 1972, na ungekutana nami mwaka jana ungesikia habari zake kabla ya salamu. Ni gari la aina ile ile lililompa Edgar Herrmann ushindi wa Safari Rally mwaka 1971, kisha Shekhar Mehta mwaka 1973. Langu halijashinda chochote isipokuwa uvumilivu wa mke wangu.

Injini yake ni L24: silinda sita mstari mmoja, kabureta mbili, lita 2.4, nguvu za farasi 151. Tatizo ni kwamba farasi hao walihesabiwa kwa mtindo wa zamani wa Marekani, injini ikiwa uchi juu ya stendi, haijabebeshwa mizigo inayoibeba ikiwa garini. Ukishaifunga kwenye gari, farasi kadhaa hubaki zizini. Jambo hilo lilininyima usingizi. Nikasomasoma, nikakuta L24 ina kaka yake, L28. Tundu la silinda limepanuliwa kutoka milimita 83 hadi 86, mwendo wa pistoni kutoka 73.7 hadi 79, na ujazo umefika karibu lita 2.75. Hukaa pale pale bila kukata chuma, gia boksi ile ile, kabureta unahamisha zako. Tena kwa nje hazitofautiani. Hilo la kutotofautiana nililichukulia kuwa ni sifa.

Dalali akanipigia simu. "Bosi, L28 imeshuka kutoka Japani. Ukichelewa usinilaumu."

Niliikuta imekalishwa juu ya tairi kuukuu, imepakwa grisi kama bi harusi. Namba hupigwa ubavuni mwa bloku. Nikapangusa kwa kidole: L, mbili, halafu kitu cha mviringo.

"Hiyo ni nane," dalali akasema.

Nikaiona nane. Mtu ambaye ameshatoa mkopo wa sacco huona nane hata kwenye sahani. Na L24 yangu akakubali kuichukua kama sehemu ya malipo, kwa bei ya kunionea huruma, maana hizo ndogo, alisema, hazina soko.

Fundi wangu ni mzee wa maneno machache. Alipoifuta ile grisi alisimama kidogo, akanitazama, akaendelea na spana zake. Nikajua amestaajabu.

Jumamosi nikampakia shemeji, tukateremka hadi Mai Mahiu ili turudi tukiupanda ule mlima wa Rironi. Kuteremka, gari lilikwenda kama mshale. Ndivyo yanavyokwenda magari yote yakiteremka, hata mkokoteni. Tulipogeuza nikamwambia shemeji ajishikilie. Akakamata mlango kwa mikono miwili. Nikakanyaga. Injini ikanguruma kwa sauti tamu ajabu, na gari likabaki linatafakari. Nikashusha gia, ya tatu, kisha ya pili. Shemeji akaachia mkono mmoja. Baadaye akaachia na wa pili, akatoa simu akaanza kusoma habari.

Nyuma yetu ikaja Probox. Imesheheni kabichi, na juu ya kabichi kalala mbuzi. Ikatupita bila hata kupiga honi. Yule mbuzi akanitazama kupitia kioo cha nyuma, anatafuna taratibu, kona ya kwanza hadi ya pili.

"Shem," shemeji akauliza, "mnajuana?"

Jumatatu asubuhi nilikuwa kwa fundi nimefura. Hakujitetea. Alichukua tochi na brashi ya waya, akasugua ubavu wa bloku, akanisogezea tochi. L20. Nane ni sifuri mbili zilizopandana. Nililipia mbili, nikapewa moja.

Kumbe kule Japani gari lililozidi sentimita za ujazo 2000 lilikuwa na kodi ya kuumiza, kwa hiyo Fairlady Z ya nyumbani, bodi hii hii, iliuzwa na L20 yenye farasi 130. Kwangu hata hao 130 ni ndoto. Fundi alisema hii ilitoka kwenye saluni, gari la kupeleka wazee ofisini.

"Na uliiona tangu siku ya kwanza?"

"Niliiona."

"Mbona hukusema?"

"Petroli imepanda, mzee. Nikajua umepata akili."

Wiki iliyofuata simu ikalia. "Bosi, nimepata L24 safi kabisa. Imetoka kwenye Z ya 1972, mwenyewe alikuwa anaitunza kama mtoto." Bei aliyonitajia ilikuwa karibu mara mbili ya ile aliyonipa.

Nikaenda. Ilikuwa juu ya tairi lile lile, imepakwa grisi. Safari hii nilikwenda na fundi, tochi na brashi ya waya. Fundi akasugua, akainama, akasoma kwa sauti: L, mbili, nne.

Nikamwambia asome tena.