Kuhariri jarida ni kazi ya usomi, na ihesabiwe hivyo

Mwenzangu mmoja, mama anayefundisha sanaa za michoro hapa Lubumbashi, amerudishiwa na kamati ya chuo faili lake la kupandishwa cheo. Alikuwa ameweka ndani makala zake, mihadhara aliyotoa, na barua inayothibitisha kwamba kwa miaka mingi amekuwa katibu wa uhariri wa jarida la kitaaluma la dizaini. Makala zimehesabiwa. Mihadhara imehesabiwa. Ile barua imepigwa mstari, na pembeni mtu ameandika: "Kazi ya utawala." Haikupewa pointi hata moja.

Nimekasirika, na sioni sababu ya kuficha hasira yangu. Aliyeandika maneno hayo ana makala nyingi kwenye faili lake mwenyewe, na kila moja ilipita mikononi mwa mtu kama mama huyu kabla ya kuitwa makala. Kuna mtu aliyeisoma mara ya kwanza, akaitafutia wahakiki, yaani wasomi wa kuipima kabla haijachapishwa, akawafuata walipochelewa, kisha akasahihisha tanbihi zilizokosa kurasa. Sasa mtu huyo anaambiwa alikuwa karani.

Nimemwona akifanya kazi hiyo, kwa hiyo naandika ninachokijua.

Makala ikiingia, yeye ndiye wa kwanza kuisoma. Ikiwa haifai kwenda kwa wahakiki, lazima aandike barua ya kukataa ambayo asistanti kijana, mwalimu wa ngazi ya chini chuoni, ataisoma na bado akatamani kuandika tena. Barua ya namna hiyo humchukua jioni nzima. Ikiwa inafaa, kazi ndiyo kwanza inaanza. Anatafuta wahakiki wawili wanaolijua jambo lenyewe, wasio ndugu wa mwandishi wala mahasimu wake, walio tayari kusoma kurasa thelathini bila malipo. Utaratibu unataka mhakiki asijue mwandishi ni nani. Hapa kwetu ni taabu: futa jina kwenye makala inayohusu mafundi wa vyuma wa Katuba, mtaa wa mji huu, na kila mtu wa Kasapa, kampasi ya chuo chetu, atakwambia ni nani kaiandika. Ndiyo maana mama huyu hutafuta wahakiki Bukavu, Kinshasa, Nairobi, hata Dakar, akiandika barua kwa Kifaransa na Kiingereza usiku, umeme ukiwepo. Wengi hawajibu. Wengine wanakubali kisha wanapotea. Mmoja anarudisha mistari miwili: "Makala nzuri, ichapishwe." Hiyo si tathmini. Inabidi amwandikie tena, kwa heshima zote maana ni profesa mkubwa, kumwomba aseme ni kipi kizuri na ni kipi hakijathibitishwa.

Lakini ninachotaka hasa watu wa kamati wakione ni kazi ya picha, kwa sababu jarida la dizaini si kama jarida la sheria. Kwetu picha ni ushahidi. Mtu akisema umbo la kiti limebadilika, lazima tukione kiti, kwa pembe inayofaa, na tujue ukubwa wake. Picha nyingi zinafika zimetumwa kwa WhatsApp, zimebanwa hadi kingo za kitu hazionekani. Anamwandikia mwandishi azitume upya kama faili, si kama picha. Michoro inafika bila kipimo, anairudisha. Picha ya tatu imechukuliwa kwenye kitabu cha jumba la makumbusho la Ulaya. Anauliza nani ametoa ruhusa.

Siku moja ilifika makala kuhusu mbabula, majiko ya makaa yanayotengenezwa kwa bati na vyuma chakavu. Ilikuwa makala nzuri kwelikweli, yenye vipimo vya tundu za hewa na maelezo ya jinsi jivu linavyoshuka bila kuzima makaa. Chini ya kila picha mwandishi alikuwa ameandika: "Mtengenezaji hajulikani." Mama akasoma, akaguna, akampigia simu mwandishi. Picha ulizipiga wapi? Kwenye soko, karibu na nyumbani. Fundi alikuwepo? Ndiyo, alikuwepo, ndiye aliyenishikia mbabula ili mwanga uingie. Basi rudi ukamuulize jina.

Kijana akarudi, akampigia mama simu akiwa palepale, akampa fundi simu. Nilikuwa nimekaa jirani, simu ikiwa kwa sauti. Mzee akauliza: "Jina yangu? Munaitaka ya kufanya nini?" Mama akamweleza kwamba kitabu cha wasomi kitaonyesha kazi yake na watu watataka kujua ni ya nani. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema kama ni hivyo, waandike pia jina la baba yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyeanza kukata tundu za chini kwa namna ile. Makala ikabadilika. Ikapata sehemu mpya kuhusu baba na mwana, namna umbo lilivyorithiwa na kilichoongezwa na mwana. Mmoja wa wahakiki aliandika kwamba hiyo ndiyo sehemu iliyomfundisha zaidi.

Niambieni hapo utawala uko wapi. Mimi naona utafiti. Na ni utafiti ambao mwandishi peke yake hakuufanya. Alisukumwa na mhariri anayejua kwamba fundi wa Katuba ana jina.

Katika mji huu tuna sababu ya kulijali jambo hilo. Pilipili Mulongoy, Bela Sara na Mwenze Kibwanga, waliochora kwenye karakana ya Hangar iliyoanzishwa na Pierre Romain-Desfossés mwaka 1946, tunawataja kwa majina mpaka leo, na kazi zao zinafuatiliwa kutoka mkono hadi mkono. Wahunzi, wafinyanzi na wachongaji wa viti wa kizazi hichohicho wamejaa kwenye makabati ya makumbusho wakiwa na jina la kabila tu. Tofauti imeletwa na karatasi: kuna mtu aliyeandika jina, au hakuna. Kila mhariri wa jarida letu anapokubali "hajulikani" kwa mtu aliye hai mwenye simu mfukoni, anaongeza kabati jingine.

Kuna suala jingine la majina, dogo kwa sura. Mifumo ya majarida inataka jina la ukoo na jina la kwanza. Sisi tuna jina, postnomu, yaani jina la pili la Kiafrika lililoletwa na sera ya uasilia ya Mobutu mwaka 1972, na prenomu, yaani jina la kwanza. Mhariri asiyejua hilo huandika jina moja leo, postnomu kesho, na kwenye orodha za watafiti mtu mmoja anakuwa watu watatu, kila mmoja na theluthi ya kazi zake. Mama huyu ana daftari ambamo ameandika kila mwandishi anavyotaka jina lake lipangwe, na analifuata daftari hilo kutoka toleo hadi toleo. Hakuna programu itakayomfanyia hivyo. Programu anayotumia ni Open Journal Systems, ile ya bure iliyotengenezwa Kanada, na inamsaidia kuona kila makala imefika hatua gani: kupokewa, kuhakikiwa, kusahihishwa lugha, kuandaliwa kuchapishwa. Inamwonyesha kwamba mhakiki amechelewa. Kumshawishi mhakiki ni kazi yake mwenyewe.

Huko kwingine wamekwisha kuona jarida linakuwaje watu hawa wakiondoka. Design Studies ni moja ya majarida yaliyoujenga utafiti wa dizaini kama fani. Lilianza mwaka 1979 kwa ushirikiano na Design Research Society ya Uingereza, na Nigel Cross alikuwa mhariri wake mkuu tangu 1984 hadi 2017. Fikirieni, zaidi ya miaka thelathini ya kusoma kazi za wengine. Mwaka 2023 mchapishaji, kampuni ya Elsevier, ilimwondoa mhariri mkuu aliyemfuata na kumweka mwingine bila kuelewana na jumuiya ile. Wajumbe wengi wa bodi ya wahariri wakajiuzulu. Kampuni ilibaki na jina, tovuti na matoleo ya zamani, yaani kila kitu kinachoweza kumilikiwa kwa mkataba. Kabla yao, mwaka 2015, wahariri wa jarida la isimu la Lingua waligombana na kampuni hiyohiyo kuhusu bei na uhuru wa kila mtu kusoma makala bila malipo, wakaondoka pamoja na bodi yao, wakaanzisha Glossa. Waandishi na wahakiki wengi waliwafuata, kwa sababu walikuwa wanawaamini watu.

Sisi nasi tumekuwa na majarida. Vyuo vikuu vilipounganishwa mwaka 1971 kuwa UNAZA, chuo kikuu kimoja cha taifa la Zaire, na fani za jamii zikaletwa huku, wanahistoria wa Lubumbashi walitoa jarida la Likundoli, na wanafunzi wa historia ya Katanga bado wanalitaja mpaka leo. Majarida ya namna ile hayakufa kwa kukosa makala. Makala hazijawahi kukosekana katika nchi ambayo huwezi kutoka asistanti kuwa CT (chef de travaux, cheo kinachofuata), wala CT kuwa profesa, bila kuchapisha. Jarida hufa pale mtu mmoja aliyelibeba anapochoka, au anapohamia Ulaya, au anapogundua kwamba mwenzake aliyetumia miaka hiyohiyo kuandika makala zake tu ameshampita cheo.

Na hapo ndipo hesabu ya kamati inapoleta madhara. Mnadai kila mtu achapishe. Hampi pointi kwa anayewezesha kuchapisha. Mwenye akili timamu ataacha kuhariri na kwenda kuandika. Kisha majarida ya hapa yanafungwa, na vijana wanakimbilia yale yanayoahidi kukubali makala ndani ya siku tatu ukilipa dola, na ninyi mnalalamika kwamba faili zimejaa takataka. Takataka hizo zimetokana na kanuni yenu wenyewe.

Nakubali mambo mawili, ingawa siyapendi. Wapo wahariri wanaogeuza jarida kuwa nyumba ya rafiki zao, wanaokalia makala ya mtu mwaka mzima kisha wanaikataa kwa sentensi moja. Nimewaona. Pia ni kweli kwamba pointi zikitolewa, kesho bodi za wahariri zitajaa majina ya watu ambao hawajawahi kufungua makala hata moja. Lakini dawa ipo wazi: hesabuni kazi, si jina kwenye ukurasa wa pili wa jarida. Ile programu ya jarida inaweka kumbukumbu za barua, tarehe na kila uamuzi. Kamati ikitaka kujua katibu wa uhariri amefanya nini, aombwe alete orodha ya makala alizosimamia, pamoja na tathmini mbili tatu alizoziandika mwenyewe, majina yakiwa yamefutwa. Zisomwe. Mtu anayejua fani ataona mara moja kama aliyeandika tathmini ile ni msomi au mpita njia.

Suala la lugha, kwamba majarida makubwa ya dizaini yanataka Kiingereza wakati sisi tunafundishwa kwa Kifaransa na kujadiliana na mafundi kwa Kiswahili, nitaliandikia siku nyingine. Linastahili nafasi yake. Suala la pesa nalo ni fupi: mwandishi asilipe, msomaji asilipe, basi chuo kilipe, maana chuo ndicho kinachojivunia jarida kwenye sherehe za kufungua mwaka.

Ninachowaomba wakuu wa idara hakihitaji bajeti mpya. Mpunguzieni katibu wa uhariri somo moja kwa mwaka. Wekeni mstari wa uhariri kwenye fomu ya kupandishwa cheo, chini kidogo ya makala na juu ya vikao. Na kila asistanti anayeandaa udaktari afanye angalau tathmini moja chini ya usimamizi wa mkubwa wake. Aandike, mkubwa asome, wakae pamoja wajadili ni kwa nini sentensi hii inamsaidia mwandishi na ile inamvunja moyo. Wengi wetu hatukufundishwa hivyo. Tulipata tathmini za kwanza kama wapokeaji, nyingine zenye matusi, tukajifunza kuandika kwa mfano huohuo. Wakati huu jarida la mwenzangu lina makala zinazosubiri wahakiki, na mojawapo inahusu vyungu vinavyofinyangwa kandokando ya ziwa Tanganyika. Ukiwa umesoma ufinyanzi au historia ya vifaa vya nyumbani, huna udugu na mwandishi yeyote wa huko, na unaweza kutoa wiki tatu, niandikie.