Petroli yenye Risasi Haijaisha, Muulize Fundi wa Ndege

Agosti 2021, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lenye makao yake pale Gigiri, Nairobi, lilitangaza kuwa petroli yenye risasi, ile metali yenye sumu, imekwisha duniani. Algeria ndiyo iliyokuwa nchi ya mwisho kuiuza vituoni. Habari ilikuwa njema na sina nia ya kutia kitumbua mchanga, ila tangazo lile lilihusu magari. Toka Gigiri uvuke jiji hadi Uwanja wa Ndege wa Wilson, utakuta mafuta yenye risasi yakiuzwa kihalali kabisa na kujazwa kwenye mabawa ya ndege.

Yanaitwa avgasi, daraja la 100LL, na rangi yake ni ya buluu. Kipimo chake kinaruhusu hadi gramu 0.56 za risasi kwa kila lita. Ndege kubwa hazimo katika habari hii: Boeing, ATR, hata zile Caravan zinazopeleka watalii Mara hutumia mafuta ya jeti, ndugu wa mafuta ya taa, ambayo hayatiwi risasi. Avgasi ni ya injini za pistoni, kama zile Cessna 172 za shule za urubani. Ndege ya namna hiyo hunywa lita 30 na ushee kwa saa. Piga hesabu: mwanafunzi akizunguka uwanja saa moja akijifunza kutua, injini yake inaweza kuwa imechoma karibu gramu 17 za risasi.

Nina binamu aliyejifunzia ufundi kwenye hanga la ndege ndogo. Siku zake za mwanzo, mikono imejaa grisi, aliuliza sabuni iko wapi. Fundi mkuu akamsogezea kopo la mafuta ya buluu.

"Nawa na hii, kijana. Sabuni ya nini, na hii inang'oa kila kitu?"

"Asante, mzee."

Ikawa desturi. Mikono, bisibisi, vichujio, hata doa la ovaroli, vyote hupitia kwenye kopo lile. Risasi iliyo ndani ya avgasi ni ya aina inayoyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo ngozi haiizuii, inapenya. Humo pia mna kemikali ya bromini ambayo kazi yake ni kuisukuma risasi itoke na moshi isigande ndani ya injini, na kemikali hiyo nayo imo katika orodha ya zile zinazodhaniwa kusababisha saratani.

Hata hivyo si risasi yote inayotoka na moshi. Fungua plagi za chini za injini hizi utakuta punje za kijivu, ngumu, kama mtama, zimekwama kwenye ncha. Fundi huzichokonoa kwa ncha ya chuma, kisha plagi inapigwa mchanga kwa upepo wa kompresa, na vumbi linamrudia usoni. Nje nako, kabla ndege haijaruka, mafuta kidogo huchotwa chini ya bawa kwa kichupa cha plastiki ili yatazamwe kama yana maji. Yakishatazamwa, mara nyingi humwagwa palepale kwenye lami, na vidole vilivyoshika kichupa vinaenda moja kwa moja kwenye mandazi ya saa nne.

Mchezo huu wa kunawa una historia. Mmarekani Thomas Midgley, ambaye mwaka 1921 aligundua kwamba risasi hii inazuia injini isigonge, yaani mafuta yasilipuke ovyo ndani yake, aliwaita waandishi wa habari New York mwezi Oktoba 1924, akajimwagia dawa yenyewe mikononi na kuinusa kwa dakika nzima, eti waone haina neno. Siku hizohizo wafanyakazi watano wa kiwanda cha Bayway, New Jersey, walikuwa wamekufa kwa sumu hiyo baada ya kurukwa na akili. Midgley mwenyewe alikuwa ameshaugua risasi mwaka uliotangulia. Alijua, akanawa. Binamu yangu alinawa kwa kuwa hakuna aliyemwambia.

Risasi haimwangushi mtu kwa siku moja. Ni kichwa kuuma, uchovu, tumbo kusokota, choo kigumu, hasira zisizo na sababu. Kwetu ukifika kliniki na dalili hizo utapimwa malaria na taifodi, na usipoangalia utatoka na dawa za zote mbili bila mtu kukuuliza unafanya kazi gani. Wakati huo presha inapanda na figo zinachakaa. Damu huanza kujisafisha baada ya wiki kadhaa, lakini sehemu ya risasi huhamia mifupani na kukaa miongo. Mwanamke akishika mimba, mifupa huirudisha kwenye damu, ikamfikia mtoto, na wasichana wanaoingia kwenye ufundi wa ndege na urubani sasa si wachache. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Wenzetu wanabishana, lakini kuhusu watu wengine. Kaunti ya Santa Clara, California, iliacha kuuza avgasi yenye risasi katika uwanja wa Reid-Hillview Januari 2022, baada ya utafiti wa damu za watoto wanaoishi jirani. Oktoba 2023, mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, ikatamka kuwa risasi ya ndege hizi inahatarisha afya ya umma. Wahudumu wa ndege kubwa nao wanalalamikia mvuke wa oili ya injini unaoingia kabini, na wana haki. Sina ugomvi na lolote kati ya hayo. Lakini mtoto wa jirani anavuta kilichobaki hewani. Fundi anakishika kwa mikono.

Wala hatuwezi kujitia hatujui. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatia wakazi risasi mwilini, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3.

Rubani hapewi leseni bila kupimwa macho, masikio na moyo, tena kila baada ya muda. Fundi anayemtengenezea ndege haulizwi cheti cha afya ndipo apate leseni yake. Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, Tanzania ina yake ya 2003 na wakala wake OSHA. Wakaguzi waingie hanga hizi pia, waanze kwa kuuliza kopo la kunawia liko wapi.

Wenye ndege watasema hakuna mafuta mengine. Kwa kiasi ni kweli. Injini za aina hii zenye nguvu zaidi zikitiwa petroli ya kawaida isiyo na risasi zinaweza kugonga hadi ziharibike. Marekani wenyewe wamejipa hadi mwisho wa 2030, na mafuta mbadala ya G100UL, yaliyoidhinishwa huko mwaka 2022, bado yanabishaniwa. Sisi tutayapata mwisho, kama ilivyo ada. Sawa. Ila glovu zisizopenyeka mafuta hazingoji 2030, wala sinki lenye sabuni, wala ndoo ya kumwagia mafuta yaliyochotwa.

Linalonisumbua zaidi ni ovaroli. Pale kwa binamu yangu hakuna dobi. Anaibeba nyumbani ikafuliwe beseni moja na nguo za mwanawe. Mwajiri anayemudu maelfu ya dola za kufumua injini hashindwi kumlipa dobi, wala kumpima fundi risasi kwenye damu mara moja kwa mwaka. Na kipimo cha kwanza kifanywe siku ya kuajiriwa, matokeo yaandikwe na fundi apewe nakala, asije akaambiwa baada ya miaka kumi kwamba risasi ile alikuja nayo kutoka kwao.