Maji ya mwili hurudi kwa njia ipi?

Mlinzi wa geti pale Masaki ameketi usiku kucha kwenye kiti cha plastiki. Asubuhi akivua soksi, lastiki imeacha mfereji kwenye ngozi. Akibonyeza kifundo kwa kidole gumba, kishimo kinabaki. Maji yametoka kwenye damu yakatuama nje ya mishipa. Hapo hakuna ubishi. Ubishi ni yangerudi kwa njia ipi.

Jibu tulilokariri shuleni ni la Mwingereza Ernest Starling, la mwaka 1896: shinikizo la damu husukuma maji nje ya kapilari, ile mishipa myembamba kabisa ya damu, na protini za damu, hasa albumini, huyavuta ndani. Vitabu huweka shinikizo la milimita 35 za zebaki upande wa ateri, damu inakoingilia, 15 upande wa vena, inakotokea, na mvuto wa protini 25 hivi. Basi maji hutoka mwanzoni, hurudi mwishoni, salio dogo hubebwa na limfu, yaani mfumo wa mishipa unaoyarudisha maji ya tishu kwenye damu. Hesabu tamu, na mtihani unafaulu.

Waliomrekebisha, akina Levick na Michel mwaka 2010, wanasema hesabu hiyo imesahau utando mwembamba wa sukari na protini uliotanda ndani ya ukuta wa kapilari. Kinachovuta ni tofauti ya protini kati ya pande mbili za utando huo tu, na maji yakianza kurudi, tofauti hupungua: mvuto unajifuta wenyewe. Kwenye tishu nyingi, basi, maji huvuja polepole hadi mwisho wa kapilari, na wa kuyarudisha ni limfu. Figo na utumbo zina utaratibu wao.

Naelemea upande huu, ingawa si kwa sababu ya matende, ugonjwa tunaoujua sana hapa Pwani. Ni kweli minyoo ya filaria ikiharibu mishipa ya limfu, mguu hufura huku moyo na albumini viko sawa. Lakini hata lile salio dogo la Starling, likikosa pa kupita miezi na miezi, lingeufurisha vilevile. Matende hayaamui kesi.

Wala Starling hajafukuzwa. Mtu akipoteza damu ghafla, shinikizo likashuka, kapilari hunyonya maji kweli, kwa muda mfupi.

Kwa mlinzi wetu, pande zote mbili zinakubaliana ainuke alizungukie geti. Shavu la mguu likikaza, damu ya vena hupanda na shinikizo kifundoni hushuka, na limfu nayo husukumwa juu.