Nilipowaambia natafuta mizizi

Jamani hii ilinikuta Kongwa, nilikuwa chuo nasomea kilimo na projekti yangu ilikuwa mizizi ya ngano, inashuka mpaka wapi kufuata maji udongo wa juu ukishakauka. Najua mtasema ngano Dodoma wapi na wapi, ngano ni ya Hanang huko, sisi ni watu wa uwele na mtama, ila mi nilitaka pakavu na mjomba alikuwa na kipande cha shamba cha bure, mwanafunzi gani anakataa cha bure?

Nikapanda, wiki za mwanzo nikamwagilia kwa ndoo halafu nikaacha makusudi kabisa, mke wa mjomba akawa anasema huyu mtoto mvivu balaa.

Sasa ikafika siku ya kuchimba shimo pembeni ya mstari wa ngano, unaingia ndani unaiona mizizi ukutani. Ile ya kwanza inayotoka kwenye mbegu, mitatu mpaka sita hivi, ndo inayozama chini, mambo yakiwa mazuri kama sentimita moja kwa siku, ile ya baadaye inatoka kwenye shina na mingi inatambaa juujuu, kwahiyo pakikauka juu ngano inaishi kwa ile ya chini. Ila udongo wa Kongwa ukikauka ni tofali aisee, Waingereza walikuja hapa 1947 na matrekta yao kulima karanga wakaondoka wamenuna, mi nina sululu moja ya kuazima.

Mchana jua halivumiliki so nikawa nachimba usiku. Hebu nipigie picha: tochi kichwani, nimezama shimoni mpaka mabega, mkononi mswaki nasugua mizizi taratibu huku naipulizia maji kwa chupa, naongea nayo "shuka mama, shuka usiogope", na ukutani nimechomeka vijiti vyenye vitambaa vyekundu kila sentimita 20 vya kupimia. VYEKUNDU. Sijui nilikuwa nawaza nini.

Nikasikia mtu anakohoa. Nainua kichwa, watu kama kumi, mwenyekiti wa kitongoji mbele na fimbo.

"We kijana, unatafuta nini humo?"

"Mizizi, mzee."

Kimya. Mama mmoja akasema taratibu, "Si niliwaambia."

Nikaona nirekebishe, "Hapana wazee wangu, sio ya dawa, naangalia tu inavyonyonya."

"INANYONYA NINI?"

Nyuma huko mtu akapiga yowe mumiani!, watoto mbio, mi natoka shimoni nateleza narudi chini, natoka narudi. Mjomba akaja na msuli wake anahema, "Muacheni, mtoto wa dada yangu huyu, anasoma!" Mwenyekiti akamuuliza anasoma nini shimoni saa nne usiku. Mjomba akanigeukia. Kumbe siku zote hizo na ye hajui.

Ikabidi nimshushe mwenyekiti mwenyewe shimoni, nikamuonyesha mizizi ilipofika kwenye tabaka gumu ikakunja ikaenda pembeni kutafuta ufa. Akaangalia weee, akasema hata mihogo yake huwa inafanya hivyo. Yakaisha.

Asubuhi narudi kuchukua sampuli, ukuta mweupe, mizizi yote niliyosugua usiku kucha imekatwa. Saa nne bibi jirani huyu hapa na kuku kwapani, "Mjukuu wangu, ile ya mgongo nimechemsha, nimelala kama mtoto. Ya miguu unayo?"

Kwenye ripoti niliandika sampuli ziliharibiwa na mifugo. Kuku nilimpokea.